Dalali ni wa Nani?

Dalili na dalali ni maneno yaliyozaliwa tumbo moja. Yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na shina lao lina maana ya kuonyesha, au kuongoza njia. Wingu jeusi ni dalili ya mvua. Halina haja na mvua hiyo wala halipati chochote ikinyesha. Dalali naye huonyesha: humwonyesha mwenye fedha mahali ilipo mali, na mwenye mali alipo mwenye fedha. Tofauti ni kwamba dalali ana tumbo, ana watoto, na ana kodi ya pango ya kulipa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo yeye anaweza kuulizwa swali ambalo wingu haliulizwi: Je, unamwonyesha nani, na kwa faida ya nani?

Nimelitafakari swali hili kwa miaka mingi, kwa sababu nimeona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakipoteza akiba ya maisha yao kwa kutoliuliza. Mtu akienda sokoni kununua papai atalibonyeza, atalinusa, ataligeuza huku na huku. Mtu huyo huyo atamfuata dalali asiyemjua kwenda kununua nyumba, naye hatamwuliza hata mara moja: wewe ni wa nani? Katika kurasa hizi nataka kuonyesha kwamba swali hili si geni, kwamba watu wa zamani, wa mila zilizo mbali mbali, walilijibu, na kwamba majibu yao yanakaribiana kuliko tunavyodhani.

Tuanze pwani. Katika miji ya mwambao dalali wa zamani hakuwa hasa mtu wa nyumba. Alikuwa mtu wa mnada. Alitembeza mali ya mwenziwe sokoni, huku akiitaja kwa sauti bei iliyofikiwa, mpaka apatikane mtu wa kuipita. Hata binadamu walinadiwa Unguja, hadi soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Jina la dalali basi limebeba kumbukumbu za aina nyingi, na si zote za kujivunia.

Mnada una jambo moja jema: kila kitu husemwa kwa sauti. Mwenye mali anasikia bei, mnunuzi anasikia bei, na mpita njia anasikia bei. Dalali akitaka kudanganya hapo, itambidi atafute mtu wa kupandisha bei kwa hila, na hila hiyo imekatazwa waziwazi katika mafundisho ya Kiislamu ambayo wafanyabiashara wa pwani waliyafuata. Mafundisho hayo yamekwenda mbali zaidi. Katika Hadithi zilizokusanywa na Bukhari mna katazo la mtu wa mjini kumuuzia mtu wa jangwani mali yake. Ibn Abbas alipoulizwa maana yake, alieleza kwamba asiwe dalali wake. Wanazuoni wamelijadili sana katazo hilo na mipaka yake, na hawakusema kwamba udalali wote ni haramu. Bukhari huyo huyo ameweka mlango mzima juu ya ujira wa dalali, na humo amenukuu maoni ya wale walioona hauna ubaya.

Ndani ya mlango huo mna jambo lililonifanya niweke kitabu chini nikatazama dirishani. Inasimuliwa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba hakuna ubaya mtu kumwambia mwenziwe auze nguo, na kile kitakachozidi bei fulani kiwe chake. Msomaji wa Dar es Salaam atalitambua jambo hili mara moja. Sisi tunaliita cha juu! Kumbe cha juu ni kitu cha kale, na kilipata watu wa kukitetea. Lakini angalia vizuri nani anasema. Ni mwenye nguo. Yeye ndiye anayepanga bei, yeye ndiye anayetoa ruhusa, naye anajua toka mwanzo kwamba ziada haitakuwa yake. Cha juu hicho kimetolewa kwa ulimi wa mwenye mali, hakikufichwa katika mfuko wa koti.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, maana sheria tulizorithi zilipikwa huko kabla ya kuletwa kwetu. Mwaka 1726 palikuwa na kesi ya mtoto mdogo aliyeachiwa pango la soko la Romford, karibu na London. Msimamizi wa mali ya mtoto alikwenda kwa mwenye soko kuomba pango liongezwe muda kwa ajili ya mtoto. Mwenye soko akakataa; mtoto hawezi kubanwa na mkataba. Msimamizi akaona basi, kama mtoto hapewi, nichukue mimi. Akachukua kwa jina lake. Lord King, aliyeisikiliza kesi hiyo, aliamua kwamba pango na faida yake yote ni vya mtoto. Alikubali kwamba uamuzi huo unaweza kuonekana mkali, kwa kuwa katika watu wote duniani msimamizi peke yake ndiye aliyekatazwa kulipata pango lile. Hata hivyo aliona kwamba mlango huo ukifunguliwa hata upenyo mdogo, wasimamizi wataacha kuwatafutia wenye mali na watajitafutia wenyewe.

Kanuni hiyo iliwafikia mawakala wa nyumba bila kupungua makali. Mwaka 1903 mahakama ya Uingereza ilihukumu kesi ya mjenzi aliyewaagiza madalali wamuuzie mali yake kwa ujira wa paundi 50. Waliuza, na ujira wakauchukua. Baadaye ikagundulika kwamba walipokea paundi 20 kwa siri kutoka kwa mnunuzi. Walikwisha kubanwa wazitoe zile 20, na wengi wangedhani hesabu imekwisha. Mahakama ikasema bado, warudishe na zile 50. Wakala aliyepokea mkono wa pili gizani hakufanya kazi aliyoahidi kuifanya, na asiyefanya kazi hana ujira. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mahakama ile ilikwenda hatua moja mbele: zote mbili zilimponyoka.

Kanuni hizi zilitufikia kwa njia ya kuzunguka. Waingereza walikuwa wameziandika mwaka 1872 katika Sheria ya Mikataba ya India, na majahazi yaliyoleta mchele na nguo kutoka upande ule yalifuatwa na vitabu vya sheria. Sheria hiyo ya India ilitumika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na Tanganyika iliipata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kenya iliiacha kuanzia mwaka 1961 na kufuata moja kwa moja kanuni za Kiingereza. Tanganyika, katika mwaka huo huo wa Uhuru, ilitunga sheria yake ya mikataba, lakini kwa kiasi kikubwa maneno yake ni yale yale ya mwaka 1872.

Inasema nini juu ya wakala? Nitaitaja kwa lugha ya mtaani. Wakala afanye kazi kama alivyoagizwa. Atumie ujuzi na bidii. Atoe hesabu anapodaiwa. Akipatwa na jambo gumu, afanye juhudi kumtafuta aliyemtuma apate maelekezo. Asifanye biashara yake mwenyewe ndani ya biashara ya aliyemtuma bila kupata idhini kwanza na kumweleza yote. Akifanya hivyo bila mwenyewe kujua, mwenyewe ana haki ya kudai faida yote iliyopatikana. Fedha zote alizopokea kwa niaba yake azifikishe, akikata tu kile kilicho halali yake. Na akifanya uovu katika kazi hiyo, hana haki ya ujira kwa sehemu ile aliyoiharibu.

Bila mwenyewe kujua. Hapo ndipo Ibn Abbas na mabwana wa mwaka 1872 wanapokutana bila kufahamiana. Mwenye mali akisema, kizidicho ni chako, hakuna ugomvi. Asiposema wala asijulishwe, ziada ni yake yeye. Sumu imo katika siri, wala si katika cha juu.

Msomaji atauliza, kama sheria ilikuwepo tangu zamani, mbona mitaani hatukuiona? Jibu la kwanza ni kwamba kwa miaka mingi dalali wa nyumba hakuwa na kazi kubwa. Sheria ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya serikali kama ardhi ya umma. Wachache waliokuwa na ardhi ya milki kamili, iliyotokana hasa na enzi ya Wajerumani, walibadilishiwa mwaka 1963 ikawa pango la serikali la miaka 99. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1958 kwamba ardhi si bidhaa ya kuuzwa kama shati. Kilichoweza kuuzwa ni jasho lililomwagwa juu yake, yaani nyumba, kisima, miti. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikayachukua majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000/= ambayo wenyewe hawakuyakalia yote, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Katika hali hiyo dalali angemtafutia nani nini? Aliyehitaji chumba cha mjini aliandika barua kwa Msajili au kwa Shirika la Nyumba la Taifa, akangoja jina lake lifikiwe. Na jina la dalali likaingizwa katika kundi la kupe na wanyonyaji.

Kisha upepo ukageuka. Biashara ililegezwa katika miaka ya 1980, Msajili wa Majumba akaunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawaruhusu viongozi kupangisha nyumba. Fedha zilizojificha zikatoka. Miji ilikuwa imefurika, viwanja vilivyopimwa havikutosha, na watu wakauziana mashamba ya pembezoni mbele ya balozi wa nyumba kumi. Ndipo dalali akafufuka, safari hii bila mnada. Alikaa kijiweni, chini ya mwarobaini, ana daftari mfukoni na taarifa kichwani. Yeye alijua nani amestaafu, nani amefiwa, nani anadaiwa, na nyumba ipi warithi wake hawaelewani. Kazi yake ilikuwa ya miguu na masikio, na anayeidharau hajawahi kutafuta chumba Dar es Salaam wakati wa masika.

Tatizo ni kwamba alirudi na jina la zamani, lakini ile sauti ya mnada aliiacha nyuma. Bei ilianza kunong'onwa.

Mjomba wangu alistaafu katikati ya miaka ya 1990, akapewa kiinua mgongo. Alitaka nyumba yenye vyumba vya kupangisha, ili kodi imsaidie uzeeni. Dalali mmoja alimzungusha majuma matatu, akamwita Baba, akamchagulia upande wenye kivuli wa kutembea. Nyumba ikapatikana upande wa Temeke. Mwenye nyumba, alisema dalali, anataka milioni tatu na laki tano, wala hashuki. Mjomba akaomba, dalali akaenda akarudi, akaenda tena akarudi, na mwisho akaleta habari njema kwamba mzee amelegea kwa laki moja. Karatasi ya mauziano ilikuja imekwisha kuwekwa sahihi na muuzaji, ambaye ilisemekana anasafiri alfajiri kwenda Tanga. Mahali pa bei palikuwa wazi. Pakajazwa mbele ya Mjomba. Alitoa milioni tatu na laki nne, na kwa furaha akampa dalali laki moja ya asante.

Miezi minane baadaye Mjomba na muuzaji walikutana msibani, wakakaa mkeka mmoja.

"Mzee mwenzangu," muuzaji alisema, "nyumba ile nilikuachia kwa sababu ya shida tu. Milioni mbili na laki nane, ni bei gani ile?"

Mjomba alimtazama. "Ngapi?"

"Mbili na laki nane. Na humo nikamkatia yule bwana asilimia kumi yake."

"Mimi nilitoa tatu na laki nne."

Walikaa kimya mpaka kahawa ikapita. Kisha muuzaji akauliza lile swali. "Basi yule alikuwa dalali wako au wangu?"

"Mimi nilijua ni wangu," alisema Mjomba.

"Na mimi nilijua ni wangu."

Tupige hesabu. Laki sita za cha juu, laki mbili na elfu themanini za asilimia kumi, na laki moja ya asante. Jumla ni Sh. 980,000/=. Kwa laki sita zile Mjomba angebadilisha mabati ya nyumba nzima. Badala yake aliweka ndoo na masufuria chini ya matundu kwa misimu mitatu ya mvua, na mpangaji wake wa kwanza alihama kwa sababu hiyo. Huyo dalali alikuwa amekwisha kuhamia kijiwe kingine.

Nilipokuja kusoma yale niliyoyaeleza hapo juu, nilimwendea Mjomba nikamweleza sheria inavyoitazama kesi yake. Dalali, nilimwambia, alikuwa wa muuzaji. Muuzaji ndiye aliyemtuma, ndiye aliyempangia bei, ndiye aliyemlipa asilimia. Kwa hiyo zile laki sita zilizofichwa ni haki ya muuzaji, naye angeweza kudai hata ujira wake.

Mjomba alicheka kicheko kisicho na furaha. "Yaani fedha zangu, haki yake?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mimi sina kitu?"

Hapo ndipo penye mkunjo wa historia hii yote. Mnunuzi si kwamba hana kitu. Sheria ya mikataba inamlinda dhidi ya uongo. Aliyeambiwa kwamba mwenye nyumba hashuki chini ya bei fulani, na maneno hayo ni ya kubuni, amedanganywa. Na udanganyifu wa wakala katika kazi ya wakala unahesabiwa kama wa yule aliyemtuma. Mjomba angeweza kusimama juu ya uongo ule, kama angekuwa na shahidi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kunyamaza tu, kwa kawaida, si udanganyifu, isipokuwa pale mtu anapokuwa na wajibu wa kusema. Na dalali wa muuzaji ana wajibu kwa nani? Kwa muuzaji. Ndiyo kusema mnunuzi analindwa dhidi ya mdomo wa dalali, lakini halindwi vya kutosha dhidi ya ukimya wake. Dalali anayejua kwamba bonde lile hujaa maji kila masika, akanyamaza, amesimama mahali ambapo sheria ya zamani ilimwacha apite.

Wengine hudhani haya ni mambo ya nchi zisizo na utaratibu. Hebu tutazame Marekani, ambako madalali wa nyumba walianza chama chao cha taifa mjini Chicago mwaka 1908, wakajiandikia kanuni za maadili mwaka 1913, na ambako majimbo yote yanadai leseni. Huko madalali walizoea kushirikiana orodha ya nyumba zinazouzwa. Dalali mmoja alipewa nyumba na muuzaji, mwingine alimleta mnunuzi, wakagawana ujira uliotoka kwa muuzaji. Kwa kufuata utaratibu wa orodha hizo, yule wa pili, aliyemzungusha mnunuzi kwa gari na kula naye chakula cha mchana, kisheria alikuwa wakala mdogo wa muuzaji. Mnunuzi akimnong'oneza, "ninaweza kufika laki moja, lakini tuanze na elfu tisini," dalali huyo alipaswa kumfikishia muuzaji maneno hayo.

Mwaka 1983 tume ya serikali ya huko inayosimamia ushindani wa biashara ilitoa ripoti ya uchunguzi wake. Zaidi ya asilimia 70 ya wanunuzi waliohudumiwa kwa mpango huo waliamini kwamba dalali waliyetembea naye alikuwa wakala wao. Nchi tajiri, watu waliosoma, karatasi chungu nzima, na bado walikuwa wamekaa mkeka mmoja na Mjomba!

Mabadiliko yalikuja kwa vipande. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ya California iliamua kesi ya mwanamke aliyenunua nyumba kwa dola 170,000, kisha udongo wa kujazia uliokuwa chini yake ukaporomoka. Madalali wa muuzaji walikuwa wameona ishara za hatari wasichunguze. Mahakama ikasema dalali wa muuzaji naye ana wajibu kwa mnunuzi: aikague nyumba kwa uangalifu wa kawaida na aseme alichokiona. Kwa uamuzi huo ukimya ukapoteza kinga yake katika jimbo lile, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likautungia sheria. Mwaka 1993 chama cha madalali kikaacha kulazimisha ule mtindo wa wakala mdogo, na wanunuzi wakaanza kuwa na mawakala wao hasa. Hata hivyo fedha ziliendelea kutoka upande wa muuzaji. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama mjini Kansas City, Missouri, liliwapa ushindi wauzaji waliolalamika kwamba utaratibu huo ulipandisha ujira, na fidia iliyotajwa ilikuwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti 2024 dalali katika mfumo huo anayemhudumia mnunuzi hana budi kuandikiana naye mkataba, unaotaja ujira, kabla ya kumwingiza katika nyumba kuitazama. Imewachukua zaidi ya miaka 100 kufika mahali pa kuandika, kabla ya kufungua mlango: mimi ni wa nani, na nitalipwa kiasi gani.

Jirani zetu Kenya walitunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi mwaka 1984, yenye bodi ya kuwaandikisha, na asiyeandikishwa haruhusiwi kuifanya kazi hiyo. Kwetu Tanzania dalali wa mahakama, yule anayenadi mali za wadaiwa, aliwekewa kanuni zake mwaka 1997 na nyingine mwaka 2017. Dalali wa kijiweni ameishi kwa muda mrefu chini ya sheria ya jumla ya mikataba, ambayo kwa miaka mingi ilisomeka kwa Kiingereza tu. Mwaka 2021 Bunge liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Naona hilo ni jambo kubwa kwa habari hii. Wajibu ambao aliyebebeshwa hawezi kuusoma, na anayedai hawezi kuutaja, ni kama mali iliyozikwa uani mwa nyumba iliyohamwa.

Lakini nisimwachie serikali mzigo wote. Kuna mambo ambayo sheria imekwisha kuyasema na sisi tunayaruka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe katika maandishi, ndipo mahakama iyasimamie. Karatasi yenye bei tupu ni maandishi yaliyokatwa ulimi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Dalali anayesema, "mke yuko kijijini, msimsumbue," anakupeleka mahali ambapo siku moja mama huyo atatoka garini na watoto wake na kukuuliza unafanya nini sebuleni kwake. Na hakuna sheria iliyowahi kumkataza mnunuzi kuonana uso kwa uso na muuzaji na kuhesabiana fedha mezani. Dalali mwema hauogopi mkutano huo.

Nasema dalali mwema, na sisemi kwa kejeli. Wapo. Namfahamu mmoja, mtu mzima, ambaye kabla ya kunyanyuka kijiweni humwambia mgeni wake: "Bwana, mimi nimetumwa na mwenye nyumba. Yeye ndiye anayenilipa. Nitakwambia kweli utakachoniuliza, lakini kupatana bei nitapatana kwa upande wake. Ukitaka mtu wa upande wako, njoo na wako." Wenzake humcheka kwamba anafukuza wateja. Yeye amesomesha watoto wanne kwa kazi hiyo hiyo, na wauzaji humpelekea funguo bila kuandikiana. Ujira wake ni halali kama wa fundi na wa daktari, na anayemzungusha siku tatu kisha akampita nyuma kwenda kwa mwenye nyumba ili asimlipe, huyo naye ni mwizi, hata kama amevaa suti. Wajibu una ncha mbili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukitafuta nyumba au ukiuza yako, uliza maneno matatu kabla ya kupiga hatua. Nani amekutuma? Nani anakulipa? Kiasi gani? Uliza mbele ya mtu wa tatu, kisha majibu yaandikwe. Akijibu bila kusita, mlipe vizuri na umshukuru. Akianza kukuita Baba na kukuchagulia upande wa kivuli kabla hajajibu, rudi nyumbani ukanywe chai. Nyumba zipo nyingi. Kiinua mgongo hutolewa mara moja.